Sifa Hupanda, Lawama Hushuka: Somo la Matofali ya Nanjing

Katika nchi yetu jengo la umma huzaliwa na jina. Shule, zahanati, daraja, hata kisima cha kijiji, havikosi bamba la marumaru lenye jina la mgeni rasmi aliyeweka jiwe la msingi, cheo chake na tarehe ya sherehe. Bamba halisemi nani alichora ramani, nani alichanganya zege, nani alikagua msingi kabla haujafukiwa, wala fedha zilizotumika zilikuwa kiasi gani. Siku ukuta unapopasuka, bamba hunyamaza. Hapo ndipo jina la pili huanza kutafutwa. Jina hilo haliko kwenye marumaru. Liko ndani ya faili, kwenye hati ya mapokezi ya saruji, na aghalabu ni jina la mtu mdogo.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu majina hayo mawili: jina la kupokea sifa na jina la kubeba lawama. Nimeyaandika baada ya safari ya siku kumi na mbili nchini China, niliyoifanya pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili wakati wa likizo. Haikuwa safari ya kikazi. Tuliilipia kwa akiba ya miaka kadhaa, na lengo lilikuwa watoto waone kwa macho yale wanayoyasoma vitabuni. Tulianzia Xi'an, tukaenda Nanjing, tukamalizia Beijing, tukisafiri kwa treni za mwendokasi. Hata hivyo, mwalimu wa historia hapumziki kikamilifu penye magofu. Na mke wangu, ambaye ni mhasibu katika ofisi ya umma, hapumziki kikamilifu penye saini. Baina ya kazi hizi mbili, safari ya matembezi iligeuka kuwa darasa la uwajibikaji.

Xi'an: majina katika udongo

Mwezi Machi 1974, wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na Xi'an walikutana na vipande vya sanamu za udongo uliochomwa. Lilikuwa jeshi lililozikwa kumlinda Qin Shi Huang katika kaburi lake, mfalme aliyeziunganisha falme za China mwaka 221 KK. Wataalamu wanakadiria kwamba sanamu hizo hufikia 8,000, na nyingi bado zimefukiwa. Mgeni anapoingia katika ukumbi wa shimo la kwanza, jambo la kwanza linalomshangaza ni wingi. La pili ni kwamba nyuso zinatofautiana. Mwanangu, aliye darasa la tano, alianza kutafuta askari wawili waliofanana kabisa, akachoka kabla hajawapata.

Lililonivuta mimi ni dogo zaidi. Katika miili ya sanamu hizo yamepatikana majina zaidi ya 80 ya mafundi, yaliyochorwa au kugongwa muhuri kabla udongo haujachomwa. Hayakuwekwa kwa ajili ya fahari. Mafundi hawa hawakutarajia kwamba siku moja mtu angelipa kiingilio ili awaone. Majina yaliwekwa ili msimamizi ajue kazi ya nani ni mbovu. Na utaratibu huo haukuishia kwenye udongo. Baadhi ya silaha za shaba zilizofukuliwa humo zina maandishi yanayoanza na jina la Lü Buwei, waziri mkuu wa Qin kabla ya falme kuunganishwa, kisha yanashuka hadi kwa karakana na fundi. Mke wangu alisoma maelezo yaliyobandikwa kwenye kabati la kioo, akasema, “Hii ni hati ya malipo. Aliyeidhinisha, aliyesimamia, aliyetengeneza.” Nilikubaliana naye, kisha nikaongeza kwamba katika hati hiyo limekosekana jina moja tu, la mfalme mwenyewe.

Utawala wa Qin ulikuwa utawala wa maandishi. Mwaka 1975, huko Shuihudi katika jimbo la Hubei, lilifukuliwa kaburi la mtumishi wa serikali wa ngazi ya chini aitwaye Xi. Alizikwa na vipande vya mianzi zaidi ya 1,100 vyenye maandishi, na sehemu kubwa ni sheria na miongozo ya kazi yake. Huyu hakuwa jenerali wala mwana wa mfalme. Alikuwa mtu wa mafaili, na mafaili yalimfuata hadi kaburini. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya watanielewa.

Ndani ya sheria hizo kuna kifungu kuhusu watu waliochelewa kufika kwenye kazi za lazima za serikali. Aliyechelewa siku tatu hadi tano hukemewa. Siku sita hadi kumi, hutozwa ngao moja. Zaidi ya siku kumi, hutozwa vazi moja la vita. Mvua ikizuia, wito hufutwa. Kifungu hiki kimewafanya wanahistoria waisome upya simulizi mashuhuri ya Sima Qian, mwandishi wa historia wa karne ya pili na ya kwanza KK. Sima Qian anaeleza kwamba mwaka 209 KK, Chen Sheng na Wu Guang, waliokuwa wakiongoza watu walioandikishwa kwenda kulinda mpaka, walikwamishwa na mvua. Wakaamini kwamba kuchelewa kungewagharimu maisha, wakaona kwamba aliyehukumiwa kufa kwa kuchelewa hana cha kupoteza kwa kuasi. Wakaasi, na miaka michache tu baadaye Qin ikaanguka.

Je, adhabu ya mlinzi wa mpaka ilikuwa tofauti na ya mfanyakazi wa barabara? Au sheria ilikuwa imekazwa baada ya Xi kufa? Au Chen Sheng aliwatisha wenzake makusudi? Wanahistoria wanajadiliana. Ila kuna jambo ambalo halihitaji mjadala huo kwisha: watu wale waliamini habari hiyo mara walipoambiwa. Serikali ilikuwa imefikia mahali ambapo raia waliitarajia iue kwa sababu ya mvua. Sheria iliyoandikwa kwa uangalifu, yenye siku na viwango, haikuweza kuikomboa sifa hiyo. Utaratibu wa majina na adhabu uliojenga jeshi la udongo ulikuwa pia umejenga hofu, na hofu ndiyo iliyozaa maasi.

Nanjing: ukuta usiobomolewa

Kutoka Xi'an tuliruka miaka zaidi ya 1,500. Mwaka 1368 Zhu Yuanzhang, mtoto wa wakulima maskini aliyefiwa na wazazi wake wakati wa njaa na tauni, akapata kuwa mtawa na hata kuombaomba, alijitangaza mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming. Mji mkuu wake ulikuwa Nanjing. Kazi ya ukuta wa mji ilikuwa imekwisha kuanza mwaka 1366, na iliendelea kwa zaidi ya miaka ishirini. Ukuta huo ulizunguka mji kwa takribani kilomita 35, na kilomita 25 hivi bado zimesimama. Tulipanda juu yake katika lango la Zhonghua, ngome yenye nyua tatu za ndani na mahandaki 27 ya kuficha askari na akiba. Adui aliyevunja lango la kwanza angejikuta kwenye kisanduku cha mawe, akishambuliwa kutoka juu pande zote.

Matofali ya ukuta huo ni makubwa, karibu sentimita 40 kwa urefu, 20 kwa upana na 10 kwa unene. Sehemu kubwa yalichomwa katika wilaya nyingi za bonde la mto Yangtze, yakasafirishwa kwa mashua hadi Nanjing, yakaunganishwa kwa chokaa, na mahali pengine chokaa hiyo ilichanganywa na uji wa mchele unaonata. Kwenye ubavu wa tofali kuna maandishi. Yanaanza na ofisa wa jimbo aliyepewa jukumu, kisha ofisa wa wilaya, karani, viongozi wa makundi ya kaya, bwana wa tanuri, na mwisho mtu aliyelifinyanga tofali lenyewe. Watu saba, wanane, tisa, wote ndani ya tofali moja. Binti yangu, aliye kidato cha tatu, alipitisha kidole juu ya herufi asizoweza kuzisoma, akauliza, “Baba, huyu wa mwisho alijua kusoma?” Ni swali zuri. Inawezekana kabisa kwamba mfinyanzi yule hakuweza kulisoma jina lake mwenyewe, lakini wote waliokuwa juu yake waliweza.

Wageni wengi husimama hapo na kusifu. Nami nasifu. Serikali ya karne ya kumi na nne iliyoweza kulifuatilia tofali moja kutoka ukutani hadi tanurini, mamia ya kilomita mbali, ilikuwa na uwezo ambao ofisi nyingi za leo, zenye kompyuta na magari, hazina. Matofali yale yamekaa zaidi ya miaka 600. Anayesema kwamba ubora wa kazi ya umma hauwezekani bila teknolojia ya kisasa aende akaitazame chokaa ya Nanjing.

Lakini historia haikuishia kwenye tofali. Zhu Yuanzhang aliyemdai mfinyanzi jina alikuwa mfalme asiyevumilia mtu wa kumshauri kwa nguvu. Mwaka 1380 alimuua waziri wake mkuu, Hu Weiyong, kwa tuhuma za uhaini, akaufuta kabisa wadhifa huo. Mwaka 1393 ilifuata kesi ya jenerali Lan Yu. Katika misako ya kesi hizo mbili waliuawa watu makumi ya maelfu, wakiwamo majenerali waliompigania tangu mwanzo. Alikuwa akimsafishia njia mrithi wake. Alipofariki mwaka 1398, mjukuu wake, mfalme Jianwen, alirithi mji wenye ukuta bora kuliko yote, lakini hakurithi majenerali wa kuutetea.

Mwaka uliofuata, Zhu Di, baba mdogo wa Jianwen aliyekuwa na jeshi Beijing, aliasi. Jianwen alimkabidhi Li Jinglong uongozi wa jeshi la serikali. Sifa kubwa ya Li Jinglong ilikuwa kuwa mtoto wa jenerali mashuhuri na ndugu wa ukoo wa mfalme. Alishindwa vibaya, majeshi makubwa yakateketea. Washauri walitaka ahukumiwe kifo. Mfalme akamsamehe.

Mwezi Julai 1402 jeshi la Zhu Di lilifika mbele ya Nanjing. Mahandaki 27 ya Zhonghua hayakupata kazi. Hakuna tofali lililovunjika. Lango la Jinchuan, upande wa kaskazini, lilifunguliwa kutoka ndani, na miongoni mwa waliolifungua alikuwamo Li Jinglong.

Msomaji na atafakari hapo kwa dakika moja. Kwenye kila tofali la lango lile kulikuwa na jina la mtu ambaye angeadhibiwa iwapo tofali lingepasuka. Matofali hayakupasuka. Kilichopasuka ni ngazi ambayo haikuwa na jina lililoandikwa popote, ngazi ya wanaoteuliwa kwa udugu na kusamehewa kwa udugu. Mnyororo wa majina ulipanda kutoka kwa mfinyanzi hadi kwa ofisa wa jimbo, ukakatika pale mamlaka ya kuamua yalipoanza.

Aliyekataa kuandika

Baada ya kushika mji, Zhu Di alihitaji maandishi. Alimwita Fang Xiaoru, mwanazuoni aliyeheshimiwa kuliko wote, aandike tangazo la kumtawaza. Fang Xiaoru alikataa, akauawa. Masimulizi yanasema kwamba pamoja naye waliuawa mamia ya jamaa, marafiki na wanafunzi wake. Kaburi la kumkumbuka liko Yuhuatai, kusini mwa lango la Zhonghua, mahali penye miti na kimya. Tulikwenda. Watoto walikuwa wamechoka, nami sikuwahubiria. Niliwaambia tu kwamba hapa anakumbukwa mtu aliyeombwa saini yake akakataa kuitoa.

Zhu Di hakuishia hapo. Alifuta miaka ya utawala wa mpwa wake katika hesabu rasmi: mwaka 1402, uliokuwa wa nne wa Jianwen, ukaandikwa kuwa wa 35 wa Zhu Yuanzhang, kana kwamba marehemu angali akitawala kutoka kaburini. Tofauti ni kubwa. Jina la mfinyanzi haliwezi kufutika kwa sababu limechomwa ndani ya udongo. Jina la mfalme lilifutwa kwa sababu aliyekuja baada yake alikuwa na kalamu. Huko juu, kumbukumbu huwa mali ya mshindi.

Kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, habari hii si ya mbali kama inavyoonekana. Zhu Di huyu ndiye mfalme Yongle, aliyemtuma Zheng He katika Bahari ya Hindi. Safari zilikuwa saba, kati ya 1405 na 1433, na baadhi zilifika katika pwani yetu. Mwaka 1415 ujumbe kutoka Malindi ulimpelekea mfalme huyo twiga. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, sarafu yenye jina la utawala wake. Mwanangu alifurahia twiga kuliko kuta zote. Kisha safari zilikoma, na kumbukumbu nyingi za kiserikali kuzihusu zikapotea. Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja wa Wizara ya Vita alizificha au kuzichoma ili mfalme mwingine asishawishike kurudia gharama ile. Simulizi hiyo iwe ya kweli kwa ukamilifu wake au la, matokeo ni yale yale: serikali iliyotunza jina la mfinyanzi wa tofali ilipoteza mafaili ya safari kubwa kuliko zote ilizowahi kufanya. Mafaili madogo hudumu, mafaili makubwa hupotea. Na hilo nalo watumishi wa umma watanielewa.

Beijing: agizo la mdomo

Zhu Di ndiye aliyejenga kasri kuu la Beijing, kati ya mwaka 1406 na 1420, lililokaliwa na wafalme 24 hadi mwisho wa ufalme. Leo ni jumba la makumbusho, tangu mwaka 1925. Tulilivuka kutoka kusini hadi kaskazini kwa saa nne, ua baada ya ua, katikati ya umati wa watu, wengi wao Wachina waliokuja na wazee wao na watoto wao kama sisi. Nyuma ya lango la kaskazini, ng'ambo ya barabara, kuna kilima cha Jingshan. Juu yake paa za njano za kasri zinaonekana zote. Chini yake, upande wa mashariki, unaoneshwa mti: hapo, mwezi Aprili 1644, alijinyonga Chongzhen, mfalme wa mwisho wa Ming kutawala Beijing.

Chongzhen hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa mfanyakazi hodari, mwenye kubana matumizi, mwenye nia ya kuokoa nchi. Kasoro yake ilikuwa moja: kila lililoharibika lilikuwa la mtu mwingine. Katika miaka 17 ya utawala wake alibadilisha washauri wakuu wapatao hamsini. Mwaka 1630 alimuua kikatili jenerali Yuan Chonghuan, mmoja wa wachache walioweza kuwazuia Wamanchu kaskazini. Katika kubana matumizi, serikali yake ilipunguza vituo vya wajumbe wa barua, na miongoni mwa waliokosa kazi alikuwamo kijana wa Shaanxi aitwaye Li Zicheng. Ni Li Zicheng huyo aliyeingia Beijing na jeshi la waasi siku Chongzhen alipopanda kilimani.

Kisa ninachotaka kila mtumishi wa umma akijue ni cha Chen Xinjia, waziri wa vita. Ming ilikuwa ikipigana pande mbili: Wamanchu nje, waasi wenye njaa ndani. Akili ya kawaida ilidai amani na upande mmoja. Mfalme akamruhusu Chen Xinjia kuzungumza na Wamanchu kwa siri. Mwaka 1642 siri ilivuja, wakubwa wakapiga kelele kwamba ni aibu kujadiliana na adui, na mfalme akageuka. Chen Xinjia akauawa kwa kufanya alichotumwa kufanya.

Gharama ya kichwa hicho ilikuja kulipwa miaka miwili baadaye. Waasi walipokaribia Beijing, ilikuwapo njia ya kujiokoa: kuhamishia serikali Nanjing, kwenye ukuta ule ule wa matofali yenye majina. Mfalme alilitaka jambo hilo, lakini alitaka lipendekezwe hadharani na mawaziri, ili aibu isiwe yake. Mawaziri wakuu walikuwa wamekwisha kujifunza. Hakuna aliyethubutu kulibeba pendekezo hilo akijua kwamba mwenye nalo angeweza kulikana kesho. Siku zikapita katika heshima na ukimya, na njia ikafungwa. Masimulizi ya kale yanasema kwamba hata katika saa yake ya mwisho Chongzhen aliwalaumu mawaziri wake. “Hakukuwa na mtu wa kumwambia ukweli?” binti yangu aliuliza pale kilimani. Nilimjibu kwamba walikuwapo, ila aliwaua mmoja mmoja.

Siku ya mwisho tulikwenda Mutianyu, kwenye Ukuta Mkuu. Serikali ya China ilipima kuta za nasaba zote na mwaka 2012 ikatangaza jumla ya kilomita 21,196. Upepo ulikuwa mkali, ngazi zilikuwa za kuvunja magoti, na mandhari yalikuwa ya kumnyamazisha hata msemaji sana. Kwenye baadhi ya sehemu za ukuta huu pia kuna matofali yenye mihuri ya mwaka na kikosi kilichoyatengeneza. Lakini wiki chache tu baada ya kifo cha Chongzhen, jenerali wa Ming, Wu Sangui, aliwafungulia Wamanchu njia huko Shanhaiguan, karibu na bahari. Kwa mara ya pili, ukuta ulisimama na lango likafunguliwa kutoka ndani.

Jiwe letu la msingi

Nirudi nyumbani, kwa sababu historia ya wengine ina faida pale inapotusaidia kujisoma.

Nchini Tanzania, madarasa na zahanati nyingi za miaka ya karibuni zimejengwa kwa utaratibu unaotumia mafundi wa mtaani chini ya kamati za wananchi: kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi, kamati ya ujenzi. Ni utaratibu wenye manufaa. Unapunguza gharama na kuwaingiza wananchi katika kazi yao. Lakini tazama majina. Mwalimu mkuu anasaini. Mtendaji wa kijiji anasaini. Mkulima aliyechaguliwa kwenye kamati ya mapokezi anasaini kwamba mifuko ya saruji imefika. Kila mfuko una mtu wake, sawasawa na tofali la Nanjing. Sasa tuseme fedha zimechelewa kutoka ngazi za juu, kisha likaja agizo kwamba darasa likamilike ndani ya siku chache kwa sababu kuna ziara. Agizo hilo limesainiwa na nani? Mara nyingi halikuandikwa. Lilitolewa kwa simu, au jukwaani, au kwenye kundi la WhatsApp, huku watu wakipiga makofi. Zege halikupewa siku zake za kukauka. Ukuta ukipasuka, mkaguzi atafungua faili, na ndani ya faili atamkuta mwalimu mkuu.

Hivyo tumeunganisha kasoro mbili. Kwenye marumaru tunaandika jina la mkubwa peke yake, ili apate sifa. Kwenye faili tunaandika jina la mdogo peke yake, ili apate lawama. Sifa hupanda, lawama hushuka. Nasaba ya Ming angalau haikumpa mgeni rasmi tofali.

Sisemi kwamba jina la mdogo lifutwe. Fundi anayeiba saruji ajibu, na anayesaini mifuko asiyoiona ajibu. Uwajibikaji wa chini ni nusu ya kazi, na ni nusu halali. Wala sisemi kwamba hatuna nyenzo. Ibara ya 143 ya Katiba yetu inamweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na taarifa zake hufika bungeni na kusomwa na wananchi. Hiyo ni tofauti kubwa kati yetu na Zhu Yuanzhang: kwetu, sheria inaruhusu kuuliza kwenda juu. Lakini mkaguzi hukagua kilichoandikwa. Agizo la mdomo halikaguliki. Chen Xinjia angekuwa na maandishi ya mfalme wake, huenda asingepona, lakini historia isingehitaji kubahatisha.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili, nayo hayahitaji sheria mpya kuanza. La kwanza ni kwa watumishi wa umma: agizo lolote linalobadili muda, kiwango au matumizi ya fedha, liombewe maandishi. Ikiwa mkubwa hataki kuandika, mtumishi aandike mwenyewe, kwa adabu yote, barua fupi ya kuthibitisha maelekezo aliyopokea, siku na saa, na nakala iingie kwenye faili. Huo si utovu wa nidhamu. Ni kumlinda mkubwa dhidi ya kusahau.

La pili ni kwa wanaharakati, wanafunzi na wananchi wote: tudai bamba jipya. Kwenye kila jengo la umma liandikwe jina la aliyeamua lijengwe, aliyesanifu, aliyejenga, aliyekagua, fedha zilizotumika na siku zilizotumika. Jina la mgeni rasmi nalo liwepo, tena kwa herufi kubwa akipenda, mradi liwe sehemu ya orodha. Kama kijiji hakina fedha za marumaru, tofali litatosha.